Masizi Pasipofika Moshi

Mkiletewa bunduki kuukuu, wanangu, msiiangalie kwanza. Mwangalieni aliyeileta. Tazameni anavyoishika na anakoelekeza mdomo wa mtutu, halafu sikilizeni neno lake la kwanza baada ya salamu. Akianza na "ni kitu kidogo tu hicho, fundi, triga imekaza," kaeni chonjo. Maisha yangu yote ya kutengeneza silaha, Mbulu mjini kwanza na baadaye hapa Katesh, sijawahi kuletewa bunduki yenye ugonjwa mdogo. Anayekuja na ugonjwa mdogo ameficha mkubwa, au haujui, na kwa fundi aliyeweka shavu lake kwenye kitako yote mawili ni yale yale.

Najua mnavyonisema. "Mzee Bura haamini hata kivuli chake." Ni kweli siamini. Fundi cherehani akikosea, suruali inapasuka mtu akiinama kanisani, watu wanacheka, maisha yanaendelea. Sisi tukikosea hakuna anayecheka. Sasa nimestaafu, mikono imeanza kutetemeka na leseni nimeirudisha mwenyewe kabla hawajaniomba, lakini tabia ya kushuku haikurudi na leseni. Mke wangu analalamika kwamba hata chai anayoniletea naitazama mara mbili.

Siku hizi mnanitumia picha. Simu inalia, nafungua, naona mitutu imelazwa juu ya kitanda chenye shuka la maua, na chini yake: "Shikamoo mzee, hii inatengenezeka?" Nikikaa kimya msidhani nimewadharau. Picha haina uzito wala harufu, na huwezi kuigonga ikalia. Tena imepigwa upande ambao mpigaji alitaka niuone. Mnazo pia zile kamera nyembamba za kuingiza ndani ya mtutu, nimeziona kwa fundi mmoja wa Babati, nzuri sana, ningekuwa kijana ningeitafuta. Lakini kama hukuosha, kamera nayo itaona masizi na kukuambia ni chuma.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kahema, mtu wa Kigoma, aliyeletwa huku na kazi ya serikali, akaoa kwetu, hakurudi tena kwao. Karakana yake ilikuwa na tundu kwenye bati, juu kabisa ya kiti chake. Tundu hilo lilitokana na mwalimu wa kwaya mmoja aliyeleta bunduki ya mjomba wake na kuapa kwa jina la Mungu kwamba haina kitu ndani. Kahema alikuwa Mwislamu mwenye heshima kwa viapo vya watu wote. Akaipokea, akaigusa triga, bati likafunguka. Hakuziba lile tundu mpaka alipokufa. Mvua ikinyesha anasogeza kikombe chini yake na kusema, "Kiapo cha mwalimu wa kwaya kinadondoka tena." Kisha ananitazama mimi kuhakikisha nimeelewa. Nilielewa. Mpaka leo bunduki nikipewa naifungua mwenyewe na kuingiza kidole.

Alinionyesha jinsi ya kutundika mitutu kwenye kamba ya katani na kuigonga kwa kifundo cha kidole. Mitutu mizima inalia, na sauti inakaa hewani. Iliyoachana na ule utepe wa chuma unaoishikanisha katikati inasema "ko" na kunyamaza. Ukimaliza hapo, irudishe, shika bunduki kwenye kitako na uitikise. Ikicheza kwenye bawaba utaihisi mkononi kabla ya kuisikia. Bawaba iliyolegea inatengenezeka ukiwa na subira. Kitako kilichopasuka kinatengenezeka. Vishimo vya kutu ndani, vikiwa vichache na vya juu juu, unaweza kuishi navyo. Mtutu uliokwisha unene hauna dawa, maana hakuna atakayekurudishia chuma kilichoondoka.

Halafu kuna mtego wa risasi, na huu umewapata hata watu makini. Bunduki nyingi za zamani zilitengenezewa risasi fupi kuliko hizi za leo. Sasa mtu anachukua risasi ya dukani, inaingia vizuri, mlango unafunga, anafurahi. Hajui kwamba mdomo wa risasi ile umekunjwa, na ikilipuka unakunjuka na kukosa nafasi, na nguvu inatafuta pa kutokea. Bwana shamba mmoja wa Tanga, aliyehamishiwa huku na kuachiwa bunduki na baba mkwe, alibishana nami nusu saa. "Mzee, lakini si imeingia?" Nikamwambia hata mguu wake ungeingia kwenye kiatu cha mwanawe kikikatwa kisigino, lakini sijui angefika nacho wapi. Alicheka mpaka akakaa. Baadaye alikuwa ananiletea maembe kila akitoka likizo, nami nilikuwa nayala baada ya yeye kula la kwanza.

Hayo ni mambo ya vyuma, na vyuma vinafundishika. Kilichonichosha mimi ni watu, na kati ya wote aliyenichosha zaidi ni Mama Ima wa Masakta.

Alikuja siku ya mnada, asubuhi, kabla sijafungua dirisha. Mama wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri, amesimama mlangoni anaangalia nyuma kama mtu anayefuatwa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mama. Za Masakta?" Nilimjua kwa sura tu, mke wa Mzee Tarmo.

"Nzuri. Mahindi yametoka maua." Akaingia, akakaa kwenye ukingo wa benchi. "Kaka, kesho atakuja kijana wangu Emanueli na bunduki ya baba yake. Nakuomba umwambie imekufa."

"Imekufa lini?"

"Wewe mwambie tu imekufa."

"Mama, sijaiona. Nitajuaje kama imekufa au imesinzia?"

Hakucheka. Mimi huwa nategemea mtu acheke hapo, ndipo namjua. Alikunja ncha ya kitenge, akaikunjua, akasema, "Wewe ndiye fundi. Hukosi la kusema." Akaondoka bila kunywa hata maji, na alipofika nje akarudi kuniambia nisiseme kwamba alikuja.

Machale yakanicheza. Mtu haombi daktari atangaze maiti ambaye hajaletwa. Nikaanza kuhesabu sababu. Labda ndugu wanagombania bunduki. Labda kijana ni mhuni, anaitaka kwa mambo ya porini, na mama anamwogopa. Labda mama mwenyewe ana mteja wa pembeni, na ikitangazwa imekufa itapita mlango wa nyuma. Nyama niliila mchana ule bila kuisikia ladha.

Hapa lazima niwaeleze Mzee Tarmo alikuwa nani, maana baadhi yenu mmekulia mjini. Vijijini kwetu mwenye bunduki ya kibali huwa ni mmoja, pengine na wa kijiji cha pili. Kwa sheria bunduki ni yake. Kwa mazoea ni ya wote. Nguruwe pori wakishuka kwenye mahindi ya fulani, fisi akiingia kwenye zizi la fulani, anaitwa yeye, na hakatai. Awe na homa, awe na wageni, anavaa viatu anakwenda. Nao majirani wanatakiwa kumlimia kwanza kabla ya kujilimia, na kwenye pombe anapewa kiti chenye egemeo. Tarmo alikuwa mtu huyo tangu ujana wake, na kabla yake baba yake, aliyeipata bunduki ile kwa mlowezi wa mashamba ya ngano kabla ya uhuru. Sasa macho ya Tarmo yalikuwa yamezimika, na kibali kilikuwa kimehamishiwa kwa mwanawe. Kilichobaki ni bunduki kupita mikononi mwangu.

Emanueli alikuja kesho yake kama mama alivyosema, lakini hakuja peke yake. Alisindikizwa na majirani wawili, na mmoja wao, Boay, ndiye aliyekuwa msemaji. Kijana alinipa shikamoo yake kwa adabu, akaweka furushi la blanketi juu ya meza, akarudi nyuma. Boay akasogea mbele.

"Ni kitu kidogo tu hicho, fundi. Imekaa muda mrefu haijapigwa."

Nikamtazama. Nikauliza, "Mwenye bunduki ni nani?"

Emanueli akainua mkono kama yuko darasani.

"Basi ongea wewe. Ilikuwa inakaa wapi?"

"Darini, mzee. Juu ya meko, pamoja na mbegu."

Nilijua kabla hajasema. Mahindi ya mbegu tunayatundika juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu, na kwa mahindi ni akili kubwa. Tatizo letu watu wa milimani ni kwamba tukaona kinachofaa mbegu kinafaa na bunduki. Tunasema moshi una mafuta, utazuia kutu. Kumbe masizi yanashika unyevu wa chungu kinachochemka chini na kuukumbatia chuma miaka yote. Nimeosha masizi ya nusu ya wilaya hii kwa mafuta ya taa na maji ya moto, na kila mwenye bunduki aliniambia baba yake ndiye aliyemfundisha kuiweka pale.

Nikafunua. Bunduki ya mitutu miwili, ya zamani kweli, nyundo zake ziko nje kama masikio. Kitako kilipasuka kikafungwa kwa ngozi mbichi ya ng'ombe iliyokauka ikabana vizuri kuliko gundi. Nikaifungua, nikaingiza kidole, tupu. Niliosha ndani. Vishimo vilikuwepo, vya kuvumilika. Mbele ya macho yao nikaitundika mitutu kwenye kamba na kuigonga, ikalia vizuri kuliko nilivyotegemea, na Boay akatabasamu utadhani kasifiwa yeye. Bawaba ilicheza kidogo. Hata bila kutaka nilianza kuipenda. Kama kungekuwa hakuna yule mama, ningesema hapo hapo, iacheni, nitaifanyia kazi.

Lakini yule mama alikuwepo kichwani. Bunduki nzima, na mtu ametembea kutoka Masakta kuniomba niseme imekufa. Haikuniingia akilini. Nikasema moyoni, kuna namna.

Nikairudia yote upya. Kila kiungo cha bunduki ile kilikuwa kimegandamana kwa masizi ya zamani, skrubu nililazimika kuzilowesha kwanza. Isipokuwa kimoja. Ule ubao wa mbele, chini ya mitutu, unaoshikwa na mkono wa kushoto, niliuchomoa mwanzoni na ukatoka mara moja, bila ubishi. Wakati ule nilishukuru. Sasa nikajiuliza kwa nini.

Nikageuza mitutu kuangalia pale palipokuwa pamefunikwa na ubao. Pamejaa masizi. Meusi, mengi, yamelala sawasawa.

Sikilizeni vizuri hapa, maana hili hamtalipata kwenye simu. Chini ya ubao ule moshi hauingii. Mnaweza kukuta jasho la zamani, kutu ya rangi ya chai, mafuta yaliyokauka, hata wadudu wa mbao. Masizi hamkuti, labda yawe yamepelekwa na mkono. Nikanusa. Yalinuka samli. Mtu alikwangua sufuria, akachanganya na samli, akapaka.

Nikachukua kitambaa chenye mafuta ya taa nikafuta kidogo tu, nikiwa nimewapa mgongo. Chini yake chuma kilikuwa cheupe, kina mifereji mipana iliyolala mshazari. Ilikuwa kazi ya tupa, na wala si tupa ya fundi. Ilikuwa ile ya kunolea majembe, meno yake nayajua. Mtu alikuwa ametulia na mitutu ile akaisugua, yote, mahali pale pale. Nikaleta kipimo changu chenye mikono mirefu, mmoja unaingia ndani mwingine unabaki nje, nikapima. Sikuamini, nikapima tena. Palikuwa pamebaki wembamba wa kopo la maziwa.

"Umeshaipiga?" nikamwuliza Emanueli, bila kugeuka.

"Bado mzee. Risasi ninazo." Akapapasa mfuko wa koti, nikazisikia zikigongana. "Juzi nilitaka kuijaribu kwenye kichuguu, baba akasema ngoja kwanza fundi aione."

Nilivuta kiti nikakaa. Sioni aibu kuwaambia kwamba niliogopa. Kijana yule amesimama pale, amenyoa vizuri, anasubiri kuwa mwanaume wa kijiji chake, na hajui alikuwa karibu kiasi gani.

Mngefanya nini nyie? Wengi mngepiga kelele, "Nani amefanya hivi?" Nami ulimi uliniwasha. Lakini Boay alikuwa amenyoosha shingo. Ningetamka neno tupa mbele yake, jioni ile Masakta nzima ingekuwa inatafuta mtu, na wangemtafuta mpaka wampate. Mimi nilishamdhania mtu, ila nilikuwa sijaelewa nia yake. Anayetaka kumlemaza kijana hatoki nyumbani alfajiri kuja kuomba bunduki itangazwe imekufa. Anayempenda hafanyi kitu kama hiki. Vitu viwili havikupatana, na visipopatana fundi anafunga mdomo.

Nikafunika kwa kitambaa. "Siwezi kusema lolote leo. Iache hapa. Keshokutwa uje na baba yako na mama yako."

"Mama wa nini?" Boay akadakia. "Mama anajua nini habari za bunduki?"

"Ndiyo masharti yangu."

"Au fundi ameipenda?" Akamgeukia mwenzake. "Hawa tunawajua. Unaacha bunduki ya babu, unarudishiwa yenye vyuma vya mtu mwingine. Ima, tuipeleke kwa yule kijana anayechomelea mageti pale stendi. Kama kuna tundu ataziba."

Nilikuwa nimeshaifungia kwenye kabati la chuma kabla hajamaliza. Nikamwambia kwamba akitaka geti aende stendi, na akitaka kunishitaki kituo cha polisi hakiko mbali, nitamsindikiza. Emanueli alinitazama mimi, akamtazama yeye, na niliona kabisa kwamba sasa ananishuku. Nikafurahi kidogo. Kijana anayeshuku ataishi.

Keshokutwa walikuja watatu tu. Mzee Tarmo alitangulia kusikika kabla ya kuonekana, fimbo na mguu mmoja unaoburuzwa. Nilimpa shikamoo yangu, ananizidi umri. Nikamkalisha karibu na meza. Mama Ima alikaa mlangoni, karibu na njia, na hakuinua uso.

Sikuanza na maneno. Niliichukua ile mitutu, nimeshaiosha yote, nikashika kidole cha Mzee Tarmo nikakiweka pale.

Alipapasa mbele, akarudi nyuma. Vidole vya mtu asiyeona vina haraka yao.

"Hii ni tupa," akasema.

"Ndiyo mzee."

"Ya jembe."

"Ndiyo."

Akageuza uso kuelekea mlangoni. Macho yake hayaoni, lakini alijua mkewe amekaa wapi.

Nikarudisha ubao, nikaunganisha bunduki, nikaifungua tena kuhakikisha ni tupu, nikampa Emanueli. "Ishike kama unalenga nguruwe." Akaishika. Alikuwa na mkao mzuri, baba yake alimfundisha vyema. "Baki hivyo hivyo. Mama, njoo uone mkono wake wa kushoto uko wapi."

Alikuja. Alisimama mbele ya mwanawe akatazama ule mkono, vidole vimezunguka ubao. Akaugusa. Akanitazama mimi.

"Hapo?"

"Hapo hapo, mama. Ingepasukia hapo, na kipande kingine kingekwenda usoni."

"Mimi nilijua itapoteza nguvu tu," akasema. "Kama tyubu ya baiskeli. Upepo utoke pembeni, risasi idondoke karibu, waione haina kazi, waiache." Halafu akakaa chini kwenye vumbi la chuma, akaanza kulia kilio cha msibani hasa, mpaka watu wa duka la jirani wakachungulia dirishani. Niliwafukuza.

"Mama, ni wewe?" Emanueli bado ameshika bunduki, hajui aiweke wapi.

"Ni mimi. Siku uliyokwenda kufuata kibali."

"Kwa nini?"

Hapo alinyanyua kichwa, na wala hakumjibu mtoto. Alimjibu mume wake. "Tarmo, ulirudishwa nyumbani umelazwa juu ya mlango, waliung'oa kwa Boay. Nguruwe alikupasua paja kwenye shamba la Boay. Kukuita walikuja wengi, walijaa uani. Msimu ule shamba letu halikuguswa na jembe la mtu. Nililima mwenyewe, huyu nimembeba mgongoni. Ukapona. Wakakuita, ukaenda. Nikakuambia uza hiki kitu, ukaniuliza utawaambia nini watu. Sasa wamekuja kumchukua na huyu, na wewe unamfundisha kulenga."

Nilijifanya napanga bisibisi zangu. Nilitegemea mzee atapandisha hasira, maana kwa mila zetu mwanamke kugusa silaha ya mume kwa nia ile si jambo la kumalizwa kwa mazungumzo. Aliniuliza mimi.

"Fundi, inatengenezeka?"

Mnaona? Baada ya yote hayo bado aliuliza. Alikuwa na bunduki ile tangu ana meno yote, na mimi nilimwelewa, nami niliipenda kwa siku mbili tu ikaniuma.

"Mzee, bawaba ningekaza. Kitako ningekuchongea kingine cha mti mzuri. Hapo tu siwezi. Hakuna anayeweza, na atakayekuambia anaweza mwogope."

"Basi imalize. Nikiwa hapa, niisikie."

Tulimwita askari ashuhudie, kama taratibu zinavyotaka, nikaibana mitutu kwenye jiliwa na kuikata. Mzee Tarmo alikaa amesikiliza msumeno mpaka mwisho. Walipoondoka, mama alimshika mkono upande wa mguu mbovu, na yeye akakubali kushikwa. Kama walizungumza zaidi nyumbani mimi sijui, sikuuliza.

Boay alikuja wiki ile ile kudai maelezo. Nikamwambia ni kutu ya darini, imekula mpaka ndani. "Kutu gani hiyo, na juzi ililia vizuri?" Hakuniamini, na mpaka leo tukikutana njiani ananitazama kama mwizi. Nimeona bora anishuku mimi.

Msije mkadhani nawaambia kwamba kila bunduki kuukuu ina mama nyuma yake. Nyingi zina kutu tu na mtu mbishi. Ninachotaka mjue ni kwamba mtu akiwauliza kama bunduki inafaa kutengenezwa, msijibu kabla hamjajua nani ataibeba, nani atamwita, na nani atabaki nyumbani akisikiliza. Mimi nilidhani nimejua yote hayo. Nilidhani bunduki ikikatwa, wito nao umekatwa, na yule mama amepata alichotaka.

Juzijuzi nilimkuta mnadani anauza vitunguu. Tukasalimiana, nikamwuliza habari za mzee, nikamwuliza habari za Ima. Nikamwambia, "Angalau sasa wameacha kumwita."

"Nani kakuambia, kaka? Wanamwita kila nguruwe wakishuka. Wanasema ni mtoto wa Tarmo."

"Anakwenda na nini?"

"Na debe. Analipiga mpaka wakimbie."

"Na wewe? Sasa unalala?"

"Silali," akasema, huku anafunga mafungu yake. "Nakaa nasikiliza. Debe unalishika kwa mkono mmoja, unalipiga kwa mwingine. Nikilisikia, najua bado anayo yote miwili."